Tunutu, Mtani wa Taifa

Karibuni mkae. Aliyekuja na kicheko akiache hapo mlangoni pamoja na viatu, atakichukua akiondoka. Maana wakati huo ninaotaka kuwasimulia, kicheko kilikuwa mali ya serikali, na mali ya serikali haishikwishikwi.

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa, nimelisahau tu jina lake, na msinikumbushe. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na bendera, ina wimbo, ina barabara ya lami inayoanzia uwanja wa ndege na kuishia getini kwa Mkubwa. Sisi wengine tulikaa huko ambako lami ilikuwa inakuja. Mimi nimezaliwa inakuja, nimeolewa inakuja, na mpaka leo nikisikia vumbi naamka kuchungulia.

Katika nchi hiyo sisi watu wa Bondeni na wenzetu wa Mlimani tulikuwa watani. Zamani sana tulipigana vita, tukachoka, tukapatana. Mishale tukaitupa, matusi tukayabakiza. Mtani akikutukana, hununi. Akipita na kuku wako kwapani, humshitaki, unamwambia tu, "Huyo ana kideri, mtakufa ukoo mzima." Ndiyo mila.

Lakini utani ni kama mkeka, una upande wa kulalia na upande wa vumbi. Siku ukifiwa, mtani wako ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayeteka maji, anayepasua kuni, anayepika na kuosha masufuria. Wewe mfiwa kazi yako kulia tu. Na kabla marehemu hajashushwa, mtani huingia kaburini, akajilaza chali, akakataa kutoka. Humo ndani anamwigiza marehemu alivyokuwa anakoroma, alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anaficha nyama chini ya ugali, mpaka wafiwa wacheke na makamasi yao. Wakishacheka anatoka, na mwenyewe anaingia. Asiyelaliwa kaburi na mtani, kwetu husemwa amefukiwa. Kuzikwa bado.

Shikeni hapo kwanza.

* * *

Huko Mlimani alikuwako kijana akiitwa Hamduni. Misiba yote ya Bondeni ilikuwa yake. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, akiruka kaburini na kutoka kama panzi mchanga, ndipo watu wakamwita Tunutu.

Kwetu alikuwa hapigi hodi kama watu.

"Hodi, watafuna vyura!"

"Karibu, mwizi wa kuku," anajibu mume wangu, Mzee Mahimbo, naye amelala barazani. "Tanguliza mikono niione."

"Mke wangu Mwanjaa hajambo? Mbona umekonda? Huyu mzee anakutesa? Vumilia mama, karibu anakwenda, nikurithi."

"Utarithi vidonda vya tumbo," nasema mimi. "Huyo mwenyewe nimemchoka, nikuongeze na wewe?"

Mzee Mahimbo atacheka mpaka akohoe. Tena akishamaliza kukohoa anakuwa na jambo lake moja, hilohilo kila siku. "Hamduni, siku yangu utalala?"

"Nitalala mpaka jua lizame. Mtanitoa na winchi."

"Basi." Ananigeukia mimi. "Umesikia? Sitaki sanda ya bei. Sitaki hotuba. Nataka huyu mwizi alale mle ndani, mcheke, ndipo niingie. Ukinizika kimya kama mzoga wa ng'ombe, Mwanjaa, nitakuja kukuvuta miguu."

Nikamwambia nimesikia. Mimi ni mtu wa kusikia.

* * *

Siku moja akafa mstaafu mmoja wa Bondeni, aliyekuwa mkubwa wa maji. Televisheni ya taifa ikaja kupiga picha wenye magari. Hamduni akaruka kaburini, akamwigiza marehemu anafungua mradi. Akakata utepe. Akashika koki. Akangoja. Koki ikakohoa. Akapiga makofi yeye mwenyewe, akatoa mfukoni chupa ya maji ya kununua, akaimimina mbele ya kamera, akasema, "Yametoka!"

Nchi nzima ikaona. Nchi nzima ikaangalia kwanza kama Mkubwa kacheka. Mkubwa akacheka. Basi tukacheka wote, kwa moyo mmoja, kama inavyopasa.

Tunutu akapewa kipindi kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari. Mwanzoni kilikuwa kipindi kweli. Alimwigiza waziri wa barabara akipitia shimoni na kulitolea hotuba ya ufunguzi. Alimwigiza waziri wa chakula akila. Na mawaziri hawakununa hata kidogo! Ikawa asiyetaniwa anaonekana hayupo kazini. Waziri mmoja mdogo wa mambo ya chumvi alimpelekea mbuzi, akimwomba kwa unyenyekevu amtukane japo mara moja kabla ya baraza kubadilishwa. Tunutu akasahau. Baraza likabadilishwa, na yule bwana mpaka leo hajulikani alikuwa nani.

Sisi wakati huo tulikuwa tunaomba dawa za zahanati. Serikali ikasikia kilio chetu, ikatuletea televisheni. Ilikuja na lori, na mgeni rasmi, na maneno yamebandikwa juu yake kwamba kicheko ni dawa. Mganga wetu alikuwa mtu mtiifu. Mwenye homa akamwandikia dozi ya Tunutu, kipindi kimoja, mwenye kifua vipindi viwili na marudio ya Jumapili. Aliyefariki, aliandikwa kuwa alichelewa kufika, kipindi kimeshaanza.

* * *

Mambo yalipostawi hivyo, ikaundwa Wizara ya Vicheko na Utulivu. Waziri wake akawa Mheshimiwa Kilua, mtu mnene, mpole, mwenye kuuliza. Alisomea ng'ambo somo ambalo huku hatuna. Tunutu mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza, siku alipoitwa ofisini.

"Hivi, ndugu Tunutu," akauliza Waziri, "hawa mnaowatukana huko misibani hawakasiriki?"

"Hawaruhusiwi, Mheshimiwa. Ni mila. Mtani hanuniwi."

"Hata akichukua kuku wao?"

"Hata akichukua mbuzi."

"Na asiporudisha?"

"Wanacheka, Mheshimiwa."

Waziri akaagiza chai. Chai ikaja, hakuinywa, akawa anaitazama tu kama mtu aliyeoneshwa mgodi.

Wiki ile ile akasimama kwenye televisheni. "Ndugu wananchi! Wataalamu wetu, baada ya utafiti wa kina, wa mapana na wa urefu, wamebaini kwamba Serikali yenu tukufu na ninyi wananchi ni watani tangu enzi na enzi. Kuanzia leo, lolote Serikali itakalolifanya lichukuliwe kuwa ni utani. Na kwa kuwa kwa mila zetu adhimu mtani hanuniwi, kununa ni kosa la jinai. Aidha, ili kulinda ubora, utani mwingine wote utahitaji kibali."

Tunutu akavishwa nishani shingoni, pana kama kifuniko cha sufuria, akaitwa Mtani wa Taifa. Kibali kikatolewa kimoja nchi nzima, chake.

Nilimuuliza, "Hamduni, mbona hukumwambia ule upande wa pili? Wa kuchimba na kuteka maji?"

Akatazama chini. "Hakuniuliza, mke wangu."

* * *

Basi tukawa watani na serikali. Sukari ikapanda bei, tukaambiwa tumetaniwa. Daraja letu jipya likaondoka na mvua ya kwanza, likiwa bado na utepe, na Ijumaa Tunutu akatueleza kwamba huo ni utani wa hali ya juu, katika nchi nyingine hawauwezi. Watu wa ng'ambo ya mto walinyang'anywa mashamba ili Mkubwa apate mahali pa kutua na ndege akienda kupumzika. Wakaandamana mpaka kwa mkuu wa wilaya, wanawake wamejifunga kanga viunoni. Akatoka nje anacheka, mikono juu. "Tumewaweza!" Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wenzake wakamfuata, wakarudi nyumbani wanacheka njia nzima, wengine mpaka wakashindwa kutembea, wakakaa chini, wakajifunika nyuso.

Polisi wakawa wanakagua nyuso barabarani.

"Wewe! Mbona uso umekaa hivyo?"

"Nina jino, afande."

"Jino linauma au limenuna?"

Watu wa Mlimani hawakuja tena misibani, maana mmoja wao alijilaza kaburini bila kibali akatolewa na pingu. Maiti wakawa wanashushwa haraka haraka, kimya, watu wanatazama saa. Nilimzika dada yangu hivyo. Hakuna aliyemwigiza anavyopiga chafya. Alikuwa na chafya yake peke yake yule, kuku wote walikuwa wanaruka.

Mzee Mahimbo kipindi hicho hawezi kutembea mbali. Nilikuwa nampeleka zahanati kwa baiskeli, kila Ijumaa, kumeza Tunutu wake. Wengine wanacheka, yeye anakodoa macho.

"Huyu siye Hamduni," akasema siku moja.

"Ni yeye. Kanenepa tu."

"Siye. Hamduni alikuwa anasema, ndipo mtu anacheka. Huyu anacheka kabla hajasema." Akanishika mkono. "Nirudishe nyumbani."

* * *

Nikatuma salamu mjini kwamba mzee anaondoka. Tunutu akaja na gari lenye vioo vyeusi, na bwana mmoja wa wizara amekaa nyuma yake. Alifika barazani akasimama. Akafungua kinywa.

"Hodi, wata..."

Akageuka kumtazama yule bwana wa wizara.

"Hodi, kina nani?" Mzee akamuuliza kutoka kitandani. "Sisi tunatafuna nini?"

"Mzee wangu, lile neno halijapitishwa."

"Halijapitishwa wapi? Babu yako alimwita baba yangu hivyo, akaja akamzika. Haya, sema. Tunatafuna nini?"

Tunutu jasho linamtoka, na kiyoyozi kakiacha garini. Mzee Mahimbo akamtazama kwa huruma, vile mnavyomtazama mtoto aliyesahau njia ya kwao.

"Basi kaburi je, Hamduni?"

"Kibali changu ni cha televisheni, Mzee. Cha kaburi nitakiomba."

"Omba upesi. Mimi sijaomba changu."

Alifariki kabla ya Ijumaa. Alinisemesha neno moja tu asubuhi ile, "Mwanjaa, kimya hapana." Nikamwambia nimesikia.

* * *

Kibali kikatoka. Tena kilitoka kwa kishindo, kwa sababu walikuwako wageni kutoka nchi za mbali waliokuja kujifunza namna ya kuwa na wananchi wasionuna. Mheshimiwa Kilua akaona msiba wangu unafaa. Ikatangazwa kwamba Mzee Mahimbo, mkulima wa viazi vitamu, atazikwa kitaifa, na Mtani wa Taifa atamtania moja kwa moja kwenye televisheni, kwa maneno yaliyohakikiwa.

Wakaja. Magari yalijaa mpaka kwenye viazi. Wageni wakakaa kwenye turubai, Waziri akakalia kiti chenye kitambaa. Kamera zikawashwa. Tukakaa.

Tukaendelea kukaa.

Jua likapanda. Waziri akanong'ona na mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya akanong'ona na mkuu wa polisi, mwisho Waziri mwenyewe akainuka akanijia nilipokaa kwenye jamvi. "Pole sana, bibi. Mbona marehemu hashushwi?"

"Ashushwe wapi, Mheshimiwa? Kaburi halijachimbwa."

"Halijachimbwa? Kwa nini?"

"Tunawangoja watani wachimbe. Na maji hayajatekwa, na kuni hazijapasuliwa. Sisi wafiwa haturuhusiwi kushika jembe."

"Hao watani ni akina nani? Wako wapi?"

Nikamtazama. Sikuwa na hasira, wanangu, nilikuwa nimechoka tu, mtu wangu amelala ndani na joto lile.

"Si ninyi?"

Kijana mmoja wa kamera, sijui kwa ujinga au kwa akili, akasogea karibu na uso wa Waziri. Waziri akamgeukia Tunutu, macho yanaomba. "Ndugu Tunutu, waeleze."

Tunutu alisimama pale na nishani yake shingoni. Akamtazama Waziri, akatazama mlango wa nyumba yangu.

"Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa," akasema. "Mtani hanuniwi. Na mtani anachimba. Ni mila moja. Ile nusu nyingine hukuniuliza."

Mheshimiwa Kilua hakuwa mjinga. Nilimwona anapiga hesabu. Akikataa, basi serikali si mtani wetu. Na kama si mtani wetu, lile daraja halikuwa utani, na mashamba ya ng'ambo hayakuwa utani, na nchi nzima, pale pale walipokaa mbele ya televisheni, ina ruhusa ya kununa.

Akavua koti.

* * *

Loo! Mkuu wa wilaya alipewa ndoo akaelekezwa mtoni. Alikwenda na tai yake, akarudi na nusu ndoo. Mkuu wa polisi akashika mwiko, na kina mama wakamzunguka.

"Afande, huo ugali mbona una madonge? Umelala rumande?"

"Ugeuze! Usiuhoji, ugeuze!"

"Mwacheni, anangoja ukiri."

Na pale kaburini Waziri anachimba. Jembe alilishika karibu na chuma, mgongo juu. Jirani yangu Bi Kijakazi akamwinamia. "Shemeji, shika mpini nyuma. Au huko ng'ambo walikufundisha kuchimba kwa kalamu?"

Mheshimiwa akainua uso, umemwiva kama nyanya.

"Jamani," akasema Bi Kijakazi kwa sauti ya kilio, "nani kanuna hapo?"

"Sijanuna!" akapayuka Waziri. "Nacheka! Ha! Ha!"

Wageni wakawa wanaandika. Sisi tukacheka. Hatukucheka kile cha Ijumaa, tulicheka kile cha zamani, kinachoanzia mbavuni. Niliwasikia watu wazima wanalia kwa kicheko, nikasema moyoni, Mzee, kimya hakipo.

Kaburi lilipofika kina, Tunutu akaruka ndani. Ule unene wote, akaruka vile vile. Akajilaza chali.

"Hodi, watafuna vyura!"

Bondeni nzima ikaitika, "Karibu, mwizi wa kuku!"

Akamwigiza mume wangu. Anavyojikuna mgongo na mwiko halafu anaurudisha jikoni. Anavyokataa chakula kwa kiburi, kisha tunamkuta anakomba sufuria. Anavyoamka usingizini na kusema hakulala. Nilicheka mimi, kanga mdomoni, nikamwona Mahimbo wangu mzima.

"Sasa toka, ndugu," Waziri akamwambia, anajipepea. "Inatosha."

"Sitoki. Yuko wa pili."

Akasimama mle ndani, akajiweka sawa, akakunjua uso. Akaanza kucheka kabla ya kusema. Akageuka nyuma kutazama kama ameruhusiwa. Akafungua kinywa, akakifunga. Akageuka tena nyuma. Akacheka tena. Ilichukua muda tukamtambua. Alikuwa anamwigiza Mtani wa Taifa. Hakuna aliyecheka.

"Huyu naye ni wenu," akasema, sauti imemkauka. "Mzikeni humu humu, alale miguuni pa mzee."

Akavua ile nishani, akailaza chini. Akatoka. Na wakati anatoka, machozi yakawa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Kwenye televisheni, nasikia, pakaoneshwa maua.

Mume wangu akashushwa. Alizikwa. Hakufukiwa.

* * *

Siku ya pili yake redio ilitangaza kwamba utani baina ya Serikali na wananchi umesitishwa kwa sababu za kiufundi. Mheshimiwa Kilua alikuwa amelazwa kwa malengelenge ya viganja. Hamduni alikamatwa. Kosa lake ni kununa hadharani, na ushahidi ni yale machozi.

Kipindi cha Ijumaa kipo. Wanarudia vile vya zamani, na pale anapotokea yeye wameweka maua.

Mimi huenda wizarani kuuliza, nikipata wa kunipeleka. Mwanzoni alinipokea bwana mmoja mwenye adabu.

"Bibi, usiwe na wasiwasi juu ya Hamduni. Ule ni utani tu."

"Lakini utani si mlishausitisha, mwanangu?"

Akafikiri. Akasema ngoja aingie ndani akaulize. Akaingia. Nami nikangoja kwenye benchi mpaka wakafagia, na hakutoka. Siku nyingine nilikuta mwingine kwenye kiti chake.

Halafu wakaja wao kwangu. Wanataka nishani, ni mali ya serikali. Nikawaambia nishani ipo, haijaenda popote, ipo miguuni pa mzee. Lakini kwetu kaburi halifukuliwi na mtu yeyote ila mtani. Ninyi mlishajitoa. Basi mleteni Hamduni, awatolee. Wakasema watalipeleka ngazi za juu. Lipo ngazi za juu.

Na siku hizi hutuma mtu kuja kuniangalia. Nadhani wanasema moyoni, huyu bibi kazeeka, akiondoka habari imekwisha. Huyo wa mwisho alikuwa kijana wa watu, ana haya. Alisimama uani, hajui aanzeje.

"Shikamoo bibi. Nimetumwa kuuliza kama... kama bado upo."

"Marahaba. Nipo."

"Na hali?"

"Magoti, mwanangu. Na macho. Nimechoka sana."

Akageuka kutaka kuondoka, kama aliyesikia alilotumwa. Nikamkalisha. Nikamwambia, kawaambie waliokutuma hivi. Mwanjaa anasema mtani wake mnaye ninyi, na bila yeye hakuna mwenye kibali cha kumlalia kaburi. Kwa hiyo hafi. Kuchoka amechoka, lakini kufa atangoja.

Tena uwaambie vizuri, wasije wakamkamata bure mtu mzima. Sijanuna.